Shajara ya majira ya joto Leipzig: kutoka sauti ya nne ya kwaya hadi Papageno

Naandika hii kwa ajili ya vijana wa kwaya, hasa wale waliojifunza muziki kwa solfa kanisani na hawajawahi kushika nota za mistari mitano. Nilipoanza kutafuta mtu aliyetoka kwenye benchi la kwaya Moshi akaenda kusomea opera Ujerumani, sikupata maelezo ya Kiswahili yanayosema ufanye nini Jumatatu na ulipe kiasi gani Jumanne. Kila hatua inapokamilika naongeza kichwa chenye tarehe. Fedha nimehesabu Euro 1 kwa takriban shilingi 3,000, kama ilivyokuwa katikati ya 2025.

12 Januari 2025: Rekodi ya usaili

Programu niliyoomba ni ya wiki sita: masomo ya sauti, matamshi ya Kijerumani, uigizaji, na mwisho maonyesho matatu ya *Die Zauberflöte* (Filimbi ya Uchawi), opera ya Mozart. Walitaka video mbili, moja ya aria (wimbo wa mtu mmoja ndani ya opera) na nyingine ya wimbo wa kwenu.

Nilirekodi mara nne kabla ya kupata kitu cha kutuma. Mara ya kwanza niliimbia kinanda cha kanisani chenye mdundo wake wa ngoma. Nikaambiwa na mtu aliyewahi kuimba nje kwamba hiyo haisikilizwi kabisa, wanataka sauti na piano tu, au sauti peke yake. Mara ya pili niliweka simu mita moja kutoka mdomoni, na kila nilipopanda juu sauti ikapasuka kama redio mbovu. Mara ya tatu nilikwenda ndani ya kanisa tupu. Mwangwi ukameza maneno yote. Iliyofaulu nilirekodia darasani, simu ikiwa mita nne mbele yangu juu ya dawati, mapazia yamefungwa, saa kumi na mbili asubuhi kabla pikipiki hazijaanza.

Niliimba kama besi. Mimi ni sauti ya nne tangu nina miaka kumi na sita, na Mwalimu wa kwaya amekuwa akisema sauti ya nne yetu inasimama juu ya mgongo wangu. Gharama ya hatua hii ni shilingi 15,000 za bando la kupakia video.

3 Aprili: Visa, na kosa la bima

Nimekubaliwa, na wamenipunguzia ada nusu: badala ya Euro 1,400 nalipa 700. Mchango wa kwaya na usharika ulifika shilingi 1,900,000. Baba aliuza ng'ombe mmoja. Nasema hili waziwazi kwa sababu atakayefuata njia hii asidhani fedha ilitoka hewani.

Visa ya Schengen ya muda mfupi, isiyozidi siku 90, ni Euro 90 kwa mtu mzima. Inahitaji bima ya afya ya safari yenye kinga isiyopungua Euro 30,000. Hapo ndipo niliposhindwa. Nilikata bima kuanzia siku ya kwanza ya masomo hadi siku ya mwisho ya masomo, wakati nilikuwa nafika siku mbili kabla na kuondoka siku tatu baadaye. Nikarudishwa. Basi kwenda na kurudi Dar es Salaam pamoja na kulala usiku mmoja ni kama shilingi 160,000, nami nikalipa mara mbili. Bima yenyewe ilikuwa Euro 78, ikawa 100 baada ya kuongeza siku.

Kata bima kwa tarehe za tiketi ya ndege. Barua ya chuo isikupoteze.

Kijerumani nilisoma na mwalimu binafsi pale Moshi kwa miezi mitano, shilingi 400,000. Ilinifikisha mahali pa kununua mkate na kuuliza njia. Kuigiza ni habari nyingine, nitaieleza mbele.

28 Juni: Nimefika

KIA, Addis Ababa, Frankfurt, kisha treni ya saa tatu hivi hadi Leipzig. Nauli ya ndege shilingi 2,850,000. Mwenyeji wangu ni bibi wa miaka sabini na kitu, aliyekuwa mwalimu wa shule. Amenipa chumba cha juu, na mchango wangu wa malazi kwa muda wote ni Euro 250. Saa tatu usiku jua bado lipo, nikashindwa kulala.

Kuna jambo moja lililonigusa hapa ambalo halimo kwenye bajeti. Wamisionari waliofika Machame mwaka 1893 walitumwa na Misheni ya Leipzig, mji huu huu. Nyimbo nilizolelewa nazo kwenye *Mwimbieni Bwana*, zile za zamani zenye mwendo wa taratibu, nyingi zilipita hapa kabla ya kufika kwa babu zangu. Siku ya pili nilikwenda Thomaskirche, kanisa ambalo Bach aliongoza muziki wake kuanzia 1723 hadi alipofariki 1750. Mpiga kinanda alikuwa anafanya mazoezi ya wimbo wa Luther wa ngome. Nilisimama nyuma nikaimba sauti ya nne kwa Kiswahili, polepole, bila kumsumbua mtu.

2 Julai: F ya chini

Joto kali sana leo, madirisha yote wazi, mwalimu wa sauti anapepea kwa karatasi za nota.

Nilikuja nikiwa nimejifunza Sarastro, kuhani mkuu, nafasi ya besi. Mwishoni mwa tendo la kwanza Sarastro anamwambia Pamina, binti wa Malkia wa Usiku, kwamba hatamlazimisha kupenda, lakini uhuru hampi. Neno hilo "lakini", *doch*, linashuka hadi F ya chini kabisa. Nyumbani F hiyo ninayo. Watu hugeuka kuangalia nikiitoa.

Mwalimu alinisikiliza mara moja karibu na piano, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akaniambia nisimame mwisho wa ukumbi, mita ishirini hivi, yeye na mpiga piano wakabaki mbele. Nikaimba tena. Akaniita, akaniambia nisikilize rekodi ya simu yake iliyokuwa pale mbele. Sehemu yote inasikika, maneno yanasikika, tukifika *doch* kinasikika kinanda peke yake. Mahali pa sauti yangu pana pumzi tu.

Hapo nikaelewa kitu ambacho sikuwahi kukifikiria kwa miaka saba. Nyumbani tunaimba na maiki. F yangu ya chini ilikuwa ya maiki. Fundi mitambo wetu anajua kunipandisha, na spika mbili kubwa zinafanya kazi iliyobaki. Kwenye opera hakuna maiki, sauti lazima ivuke vyombo na kufika kiti cha mwisho kwa nguvu ya mwili.

Kisha akanipandisha. D ya juu, E ya juu, F. Sauti ikafunguka, na madirisha ya chumba yakawa yanaitikia. Akaniambia kwa upole kwamba hapo ndipo ninapokaa: baritoni, sauti iliyo kati ya besi na tenori, na kwa umri wa miaka 23 sauti za chini zinaweza kuongezeka baadaye, lakini leo hazipo. Wajerumani hupanga sauti kwa makundi wanayoyaita *Fach*, na nyumba za opera huajiri kwa kufuata kundi. Mtu akikaa kundi lisilo lake anaharibu koo kwa ajili ya nafasi ambayo hatapewa.

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi muda mrefu. Usiku nikampigia Mwalimu wa kwaya.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Wamekusikia?"

Nikamweleza. Akanyamaza, kisha akasema, "Mimi nilikuweka sauti ya nne kwa sababu mwaka ule besi watatu walihamia Arusha. Nilihitaji mtu. Sikukupima."

Sina kinyongo naye hata kidogo. Alinifundisha kila kitu ninachokijua. Lakini kijana unayesoma hii, jua kwamba kiti chako cha kwayani huenda kilitokana na upungufu wa watu siku uliyojiunga. Kabla hujajifunza nafasi yoyote ya opera, imba mwisho wa ukumbi bila maiki, weka simu mbele, usikilize.

7 Julai: Solfa

Wamenipa Papageno, mtega ndege, katika moja ya makundi mawili ya waigizaji. Tutapokezana na baritoni mwingine: yeye ana mazoezi ya wazi na onyesho moja, mimi nina mawili. Papageno wa kwanza kabisa, mwaka 1791 kule Vienna, alikuwa Emanuel Schikaneder, mtu aliyeandika maneno ya opera yenyewe, naye alikuwa mwigizaji zaidi kuliko mwimbaji. Nafasi haipandi sana wala haishuki sana. Kinachomaliza watu ni maongezi, kwa kuwa opera hii ina sehemu ndefu za kusema bila muziki, na Papageno anasema kuliko wote.

Wiki ya kwanza niliificha solfa. Sisomi mistari mitano kwa haraka. Nasoma d r m f s l t, kama kwaya zetu zote. Nilikuwa narudi nyumbani, nasikiliza, naandika herufi kwenye daftari, nakariri usiku, asubuhi najifanya nasoma kitabu. Siku ya nne mpiga piano akaruka kurasa mbili akasema tuanze hapo. Sikujua tupo wapi. Wenzangu walianza, mimi nimesimama. Waliosubiri walikuwa kumi na mmoja.

Baada ya mazoezi alinifuata, nikamwonyesha daftari. Nilitegemea aibu. Akachukua penseli, akauliza kila herufi, kisha akasema bibi yake alifundishwa hivi hivi shuleni, kwao waliiita Tonika-Do. Nimesoma baadaye: Agnes Hundoegger aliitoa Uingereza akaileta Ujerumani mwishoni mwa karne ya 19, solfa ile ile ya Mwingereza John Curwen ambayo wamisionari walituletea sisi. Tangu siku hiyo naandika herufi juu ya nota waziwazi, ndani ya kitabu chenyewe, kwa penseli laini.

Kilichofanya kazi: aria ya kwanza ipo ufunguo wa G. Filimbi ya Papageno ina nota tano, G A H C D kwa majina ya Kijerumani (H yao ni B yetu, jihadhari). Kwa solfa hiyo ni d r m f s. Niliipiga mara ya kwanza bila kukosea, na darasa zima likacheka kwa furaha.

Kilichoshindwa: fainali. Ufunguo unabadilika kila baada ya mistari michache, na nikiendelea na "do" ya zamani herufi zinajaa alama hadi hazisomeki. Dawa niliipata kwenye njia ya zamani ya solfa yenyewe, nota ya daraja. Pale ufunguo unapohama unaandika nota moja kwa majina mawili, la zamani dogo na jipya kubwa, kwa mfano s ndogo kando ya d kubwa, kisha unaendelea kwa ufunguo mpya. Nilikaa usiku tatu nikiweka madaraja kwenye sehemu zangu zote. Kitabu cha nota Euro 32, penseli mbili na kifutio Euro 3.

Sambamba na hilo natumia dakika ishirini kila asubuhi kusoma mistari mitano bila herufi. Solfa ilinivusha mwaka huu. Haitanivusha mahali ambapo unapewa ukurasa na kuambiwa uimbe sasa hivi.

11 Julai: halb zehn

Nimepoteza kipindi kizima cha mwalimu wa matamshi, dakika 45 ambazo huwezi kurudishiwa.

Ratiba ya mdomo ilisema *halb zehn*. Nikatafsiri "nusu" na "kumi", nikafika kumi na nusu kwa saa zao, yaani saa nne na nusu asubuhi. Kumbe Mjerumani huhesabu nusu ya kuelekea: *halb zehn* ni tisa na nusu, saa tatu na nusu ya kwetu. Nikichanganya na saa zangu za Kiswahili kichwani, nilikuwa nafanya hesabu mbili kwa wakati mmoja. Dawa: nimebadilisha simu iwe ya saa 24, na kila nikipewa muda kwa mdomo naurudia kwa tarakimu, "9:30?", hadi mtu akubali.

18 Julai: Irabu za ziada

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu kila Mswahili atapita hapa.

Maneno yetu huishia na irabu. Ulimi umezoea kutua. Kwenye aria ya kwanza kuna *bin ich ja*, *Alt und Jung*, *Land*. Mimi niliimba "ichi ya", "Alti", "Landi". Sikujua. Nilipoambiwa nilikataa, hadi niliposikia rekodi. Ubaya wake si lafudhi tu: kila irabu ya ziada ni silabi ya ziada, na silabi inakula muda, kwa hiyo nilikuwa nachelewa kila mwisho wa mstari na kondakta alidhani sina mdundo.

Mwalimu wa matamshi alikata ukanda wa karatasi, upana wa kidole, akaning'iniza mbele ya midomo yangu. Mkono wangu mwingine kwenye koo. Sema *Alt*. Karatasi lazima iruke kwa t, na koo lisitetemeke baada yake. Koo likitetemeka, umeongeza irabu. Karatasi ikakaa kimya mara nyingi, kisha ikaruka huku koo likinguruma, kisha, kama mara ya thelathini, ikaruka na koo likabaki kimya. Nilikwenda na ule ukanda mfukoni wiki nzima. Kwenye kituo cha tramu, bafuni, nikiosha vyombo. *Land* huandikwa d lakini mwishoni husemwa t, nayo hupimwa hivyo hivyo.

Sauti nyingine nilizoshughulikia. *ü*: midomo ya "u", ulimi wa "i". *ö*: midomo ya "o", ulimi wa "e". *ch* ya *doch* na *noch* ilikuwa rahisi ajabu, kwa sababu nilisoma bweni moja na kijana wa Tanga aliyesema "kheri" na "khamsini" kwa koo hasa, wakati sisi wa bara tunasema "heri" na "hamsini". Nikamkumbuka, ikatoka. Watu wa pwani mnayo tayari, mshukuruni Mungu. *ch* ya *ich* ni tofauti: weka ulimi mahali pa "y" ya "yai", kisha puliza bila kutoa sauti. Nilikuwa nasema "ish", ambayo watu wa mitaa fulani ya Leipzig nao husema kwenye mazungumzo yao, lakini jukwaani inakatazwa.

25 Julai: Mstari wa ndege weusi

Mvua siku nzima, mazoezi yamehamia ndani.

Leo tulifika sehemu ambayo nilikuwa naijua tangu Aprili na nilikuwa naihofia. Papageno anakutana ghafla na Monostatos, mlinzi ambaye maandishi ya 1791 yanamwita Mmori (*Mohr*, neno la zamani la Kijerumani kwa mtu mweusi), wote wawili wanaogopana na kukimbia. Papageno anarudi, anajituliza kwa kusema: duniani kuna ndege weusi, basi kwa nini kusiwe na watu weusi? Huo mstari ni wangu. Ni lazima utoke kinywani mwangu, mbele ya watu, nami ni mweusi. Monostatos naye ana aria inayosema weupe ni uzuri na mweusi ni mbaya wa sura. Kwa kundi letu anaimbwa na mwimbaji wa sauti ya tenori kutoka Korea.

Mwongozaji alituketisha chini akauliza tunataka nini. Namheshimu kwa kuuliza kabla hajaamua.

Jaribio la kwanza: kuufuta mstari. Haikufaa. Papageno anakimbia kwa woga kisha anarudi bila sababu, na eneo lote linakatika. Jaribio la pili: niuseme kama ulivyo, ili watazamaji waukabili. Niliujaribu mara moja. Wenzangu walitazama sakafu. Nikasema hapana, sitausema, kwa sababu mtoto akiwa amekaa kiti cha mbele hatajua kwamba nampa somo, ataona mtu mweusi anajishangaa mwenyewe. Jaribio la tatu ndilo lililobaki: kinachomtisha Papageno ni rungu na msururu wa funguo za Monostatos, na mstari ukawa kwamba duniani kuna ndege wa kila namna, basi kwa nini kusiwe na watu wa kila namna? Maneno ya aria ya Monostatos nayo yalibadilishwa, sasa anajiona mbaya kwa sababu hakuna ampendaye. Nyumba nyingi za opera Ujerumani sasa hubadilisha sehemu hizi, kwa hiyo hatukuvunja mwiko.

Usiku nikasoma habari za Angelo Soliman. Alikuwa mtu wa asili ya Afrika aliyeletwa Ulaya utumwani angali mtoto, akawa msomi mwenye heshima Vienna na mwanachama wa chama cha Wamasoni (Freemason), kama Mozart. Opera hii ilipooneshwa mara ya kwanza mwaka 1791 Soliman alikuwa hai, katika mji huo huo. Alipofariki 1796 ngozi yake ilichunwa na kuwekwa kwenye makumbusho ya mfalme, binti yake akiomba bila mafanikio apewe mwili wa baba yake azike. Nilifunga kitabu nikashindwa kuendelea. Ukija kuimba opera hii, ujue ilitungwa katika mji uliomjua Soliman. Usiingie jukwaani na hilo likiwa geni kwako.

3 Agosti: Filimbi iliyoshuka

Mazoezi ya kwanza kwenye ua wa shamba la zamani nje ya mji, ambapo tutaonesha. Niliacha filimbi juu ya meza juani wakati wa chakula. Niliporudi, nota ya tano, ile s, ilikuwa imeshuka karibu nusu hatua. Nikaipiga mbele ya vyombo vya nyuzi, kila mtu akakunja uso.

Filimbi ile ni mirija mitano ya mwanzi, na chini ya kila mrija kuna nta ya nyuki inayoamua sauti. Joto liliilainisha, nta ikateremka, mrija ukawa mrefu zaidi ndani, nota ikashuka. Mpiga chelo alileta kipande cha nta. Tukadondosha punje ndogo ndani ya mrija, nikaishindilia kwa kitako cha penseli, nikapuliza, nikalinganisha na piano. Chini mno. Punje nyingine. Juu mno sasa, kutoa kidogo kwa ncha ya waya. Dakika arobaini kwa nota moja. Sasa filimbi inakaa kwenye sanduku la kivuli na naipima kabla ya kila mazoezi. Nta Euro 3.

10 Agosti: Maonyesho

Nililazimika kujifunza kwamba mtu akikutemea hewani juu ya bega akisema *toi toi toi*, yaani kukutakia heri kabla ya onyesho, hapaswi kushukuriwa. Nilisema *danke*, na mwanadada anayeimba Bibi wa Kwanza (mmoja wa mabibi watatu wa Malkia wa Usiku) akanifanya nirudi nje ya mlango tuanze upya.

Ijumaa, onyesho langu la kwanza. Aria ilikwenda vizuri, maneno yote, t zote. Nilipotea kwenye maongezi. Nilikuwa nimekariri maneno kama wimbo, kwa mfuatano, na mwimbaji wa Tamino, yule mwanamfalme, aliporuka sentensi moja yake sikuwa na mahali pa kushika. Kimya cha sekunde nne au tano. Nikapiga filimbi, d r m f s, watu wakacheka, Tamino akapata njia, tukaendelea. Usiku huo mimi na yeye tulikaa hadi saa sita tukirudia maongezi kwa kuanzia katikati, kwa kuruka, kwa kubadilishana nafasi, hadi nikawa najua ninachojibu na si kinachofuata tu. Ilitakiwa nifanye hivyo wiki tatu kabla.

Jumapili, la pili. Kwenye kwinteti, wimbo wa waimbaji watano, Papageno amefungwa kufuli mdomoni kwa kusema uongo, anaguna tu, kisha Bibi wa Kwanza analitoa naye anaimba kwa furaha kwamba sasa anaongea tena. Kishikizo kikakwama. Akavuta, kikagoma, muziki hausubiri. Nilikisukuma juu kwa kidole gumba, nikaimba kufuli likining'inia sikioni. Tulipaswa kuweka sumaku badala ya kishikizo tangu mwanzo, mtunza mavazi alishasema.

Lakini ile duwetti na Pamina, *Bei Männern*, ufunguo wa Es (E-flat kwa Kiingereza), jua linazama nyuma ya paa la ghala, vyombo vitano tu na sauti mbili. Bibi mwenyeji wangu alikuwa kiti cha mwisho kabisa. Nilimwuliza baadaye kama alisikia maneno. Akayarudia.

11 Agosti: Tiketi na hesabu

Nilinunua tiketi ya mwezi ya nchi nzima, Deutschlandticket, iliyokuwa Euro 58 kwa mwezi mwaka 2025. Inapanda tramu, mabasi na treni za mikoa, si treni za mwendo kasi. Ni ya usajili unaojirudia, na kuikatisha lazima ufanye kabla ya tarehe 10 ya mwezi wa mwisho kupita. Nilikumbuka leo, tarehe 11. Septemba imelipwa kwenye akaunti ya mwenyeji wangu aliyenisajilia, nami nitamrudishia. Ikatishe siku unapoanza mwezi wako wa mwisho.

Jumla. Ada 700, visa 90, bima 100, treni ya Frankfurt kwenda na kurudi 90, tiketi za mwezi tatu 174, chakula 420, malazi 250, nota, penseli na nta 38: Euro 1,862, kama shilingi 5,586,000. Ongeza ndege 2,850,000, Kijerumani 400,000, safari mbili za Dar 320,000 na bando 15,000. Imefika shilingi 9,171,000. Kati ya hizo, 66,000 za bima na 174,000 za tiketi ya Septemba nisingelipa, au ningelipa mapema bila safari ya pili ya Dar ya 160,000, kama ningepata mtu wa kuniambia.

24 Agosti: Moshi

Kwaya leo. Mwalimu aliniita mbele kabla ya ibada, akaniambia niende mwisho wa kanisa, kwenye mlango mkubwa, akazima mitambo. Akanipandisha taratibu kwa kinanda, nota moja moja, kama alivyofanya yule wa Leipzig. Kisha akawapima vijana wote wanne wa sauti ya nne, mmoja baada ya mwingine. Wawili wamehamia sauti ya tatu. Tumebaki na besi mmoja wa kweli, kijana wa miaka kumi na tisa ambaye alikuwa anasimama mstari wa nyuma, na F yake ya chini ilifika mlangoni bila maiki.

Kitabu chenye herufi za solfa na madaraja nimekiacha ofisi ya kwaya. Kurasa 46 ndizo zenye sehemu zangu, kutoa nakala ni shilingi 100 kwa ukurasa. Hatua inayofuata ni mistari mitano bila herufi hadi Desemba, dakika ishirini kila asubuhi, na nitaandika hapa nitakapofika.